Vivinjari vinavyobaki wazi baada ya majaribio: msiongeze RAM, rekebisheni msimbo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme neno kuhusu kero inayowasumbua vijana wengi wanaotengeneza tovuti. Majaribio ya kiotomatiki, yaani programu inayofungua kivinjari na kubofya kurasa yenyewe, yanakwisha, ripoti inatoka, lakini madirisha ya Chrome au Firefox yanabaki wazi, na ikifika jioni kompyuta haipumui. Wakiuliza, hupewa ushauri wa aina mbili: ongeza RAM, au panga amri iue kila kitu chenye jina la chrome kila usiku. Ushauri wote huo unaficha kosa lililomo kwenye msimbo wa majaribio yenyewe, na ule wa pili huzaa makosa mapya. Kosa lina mahali pake, linatafutika, na mara nyingi hutibika kwa mstari mmoja au miwili ukijua uuweke wapi.

Nitazungumzia Selenium, zana ya kuendesha kivinjari kwa msimbo, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia. Ilizaliwa mwaka 2004 ndani ya kampuni ya ThoughtWorks, Chicago, kwa mkono wa Jason Huggins. WebDriver, yaani utaratibu wa maagizo ambao Selenium ya leo inautumia kuzungumza na vivinjari, ulipitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kuwa kiwango rasmi Juni 2018. Kiwango hicho ndicho kinachoamua agizo gani linafunga nini, kwa hiyo tukianzia hapo hatutabahatisha.

Jaribio linapoanza huwa kuna pande tatu. Kuna programu yako ya majaribio, iwe ya Python, Java, C# au JavaScript. Kuna draiva, ambayo ni programu ndogo inayojitegemea: chromedriver kwa Chrome, geckodriver kwa Firefox, msedgedriver kwa Edge. Halafu kuna kivinjari chenyewe, ambacho nacho si mchakato mmoja. Chrome yenye dirisha moja tupu huanzisha mchakato mkuu, wa michoro, wa mtandao, na mmoja au zaidi wa kuonyesha kurasa. Programu yako huipa draiva maagizo kwa HTTP, na draiva huyafikisha kwenye kivinjari. Sasa programu yako ikifa ghafla, draiva haijui. Inakaa ikisubiri agizo lijalo ambalo halitakuja, na kivinjari kinakaa kikiisubiri draiva.

Kosa la kwanza, na ndilo la kawaida kuliko yote, ni kutumia driver.close() mahali pa driver.quit(). Agizo la close hufunga dirisha au kichupo kimoja tu, kile ambacho jaribio linakitumia wakati huo. Agizo la quit hufunga madirisha yote, humaliza sesheni, yaani mazungumzo mazima kati ya jaribio na kivinjari, kisha huisimamisha na draiva. Katika kiwango cha W3C hayo ni maagizo mawili yenye anwani mbili: DELETE kwenye dirisha, na DELETE kwenye sesheni nzima. Ukurasa wenye kiungo kinachofungua kichupo kipya, tuseme risiti ya malipo au fomu ya PDF, unatosha kukunasa: jaribio linabofya, kichupo cha pili kinafunguka, close() inaondoa kimoja na kingine kinabaki.

Hata pale ambapo dirisha ni moja, close() haimalizi kazi. Dirisha la mwisho likifungwa, sesheni hufa na Chrome huondoka, lakini chromedriver hubaki hai kwa kuwa hakuna aliyeiambia iondoke. Ndiyo sababu mtu anafungua Task Manager ya Windows akakuta mlolongo wa chromedriver.exe na dirisha halionekani hata moja. Dalili nyingine ya hali hiyo ni hii: unataka kuweka toleo jipya la chromedriver.exe juu ya la zamani, Windows inakataa ikidai faili linatumika. Watu hulaumu antivairasi bure.

close() ina mahali pake, katikati ya jaribio, unapotaka kuondoa kichupo cha pili na kurudi cha kwanza. Ukishaifanya, lazima uiambie draiva ihamie dirisha lililobaki kwa driver.switch_to.window(), la sivyo agizo linalofuata litajibiwa “no such window”. Mwisho wa jaribio ni quit() peke yake. Wako wanaoandika close() kisha quit() wakidhani wanajihami. Hawapati kitu, na siku close() ikitupa kosa, quit() iliyo chini yake haifikiwi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha barua hii. Wengi wanaolalamika wanayo quit() kwenye msimbo wao. Wameiandika vizuri, imekaa mstari wa mwisho wa jaribio, na jaribio likifaulu kila kitu kinafungwa. Madirisha yanabaki pale tu jaribio linapoanguka. Kitufe hakikupatikana, kosa likatupwa, fanksheni ikakatika mstari wa kumi na mbili, na quit() ilikuwa mstari wa arobaini. Majaribio yakiwa mia moja, na manane kati yake yakaanguka, una Chrome nane zisizo na mwenyewe. Kwa hiyo mtu akisema “wakati mwingine hufunga, wakati mwingine hakifungi”, muulize kwanza kama majaribio yanayobakiza madirisha ndiyo yale yale yenye alama nyekundu kwenye ripoti. Karibu kila mara jibu ni ndiyo.

Dawa ni kuitoa quit() ndani ya mwili wa jaribio na kuiweka mahali ambapo itaitwa hata kukiwa na kosa. Katika msimbo wa kawaida ni try na finally: kilichomo ndani ya finally huendeshwa hata kosa likitokea ndani ya try. Kwa Python unaweza kuandika with webdriver.Chrome() as driver: na ukitoka kwenye kizuizi hicho, kwa amani au kwa kosa, quit() inaitwa yenyewe. Kwa C# neno using linafanya kazi hiyo hiyo.

Lakini wanaotumia mifumo ya majaribio kama pytest na unittest za Python, au TestNG na JUnit za Java, wana mtego wao, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mafunzo mengi hupita juu juu. Mtego uko kwenye hatua ya maandalizi. Tuseme katika setUp ya unittest, inayoitwa kabla ya kila jaribio, unafungua Chrome, kisha papo hapo unaingia kwenye akaunti kwa jina na nywila. Siku seva ya majaribio imelala, Chrome inafunguka, kuingia kunashindikana, setUp inaanguka. Watu hudhani tearDown itakuja kusafisha. Haiji: katika unittest, setUp ikianguka, tearDown haiitwi kabisa. Kinachoitwa ni yale uliyoyasajili kwa addCleanup. Kwa hiyo mstari unaofuata mara tu baada ya self.driver = webdriver.Chrome() uwe self.addCleanup(self.driver.quit), kabla hujafungua ukurasa wowote. Andika quit bila mabano hapo, maana unaikabidhi fanksheni iitwe baadaye. Ukiweka mabano, kivinjari kitafungwa papo hapo.

pytest ina tabia inayofanana. Neno yield hutenganisha maandalizi na usafi, na msimbo ulio baada yake huendeshwa hata jaribio likianguka, na hilo ni zuri, ila kosa likitokea kabla ya yield, sehemu ya usafi haifikiwi. Tenganisha maandalizi mawili: moja lifungue kivinjari, lifanye yield, kisha quit(), la pili lipokee kivinjari hicho na kuingia kwenye akaunti. La pili likianguka, la kwanza bado litasafisha. Ukitaka kubaki na moja, tumia request.addfinalizer(driver.quit) mara tu baada ya kufungua.

Kwa TestNG, @AfterMethod, yaani hatua ya usafi baada ya jaribio, hurukwa ikiwa hatua ya maandalizi iliyotangulia imeanguka, isipokuwa umeandika alwaysRun = true. Maneno hayo mawili huondoa nusu ya malalamiko ya timu za Java. JUnit ni mpole zaidi: @After ya toleo la 4 na @AfterEach ya toleo la 5 huitwa hata maandalizi yakivunjika. Tatizo lake ni dogo lakini linaudhi: kama kivinjari hakikufunguka kabisa, driver ni null, yaani haina kitu, na quit() itatoa NullPointerException inayokupotezea muda ukiifukuza wakati kosa halisi liko juu yake. Weka if (driver != null).

Jambo jingine ndani ya usafi wenyewe. Timu nyingi hupiga picha ya skrini jaribio linapoanguka, na huiweka mstari wa juu ya quit(). Ni sawa, mpaka siku jaribio limeanguka kwa sababu dirisha lenyewe lilikwishafungwa. Picha haiwezi kupigwa, kosa jipya linatupwa ndani ya usafi, na quit() haifikiwi. Picha iwe ndani ya try, na quit() iwe ndani ya finally yake. Kanuni ni hiyo hiyo kwa kuandika logi, kufuta kapu la manunuzi, au kumtoa mtumiaji kwenye akaunti: chochote kinachoweza kuanguka kisikae kati ya jaribio na quit() bila kinga.

Wanaoandika kwa JavaScript wana la kwao: kusahau await mbele ya driver.quit(). Bila await, agizo linatumwa na programu haisubiri jibu. Kama mwisho wa faili kuna process.exit(), au Mocha, mfumo wa majaribio wa JavaScript, inaendeshwa kwa --exit, programu inaweza kutoka kabla kufunga hakujakamilika. Ukiona kwenye kompyuta yako vivinjari vinafungwa lakini kwenye seva havifungwi, anza kutafuta hapo.

Nije kwenye kukatishwa kwa nguvu. finally haina uwezo dhidi ya kila kitu. Ukibonyeza Ctrl+C kwenye Python, KeyboardInterrupt hutupwa na finally huendeshwa kama kawaida. Lakini mashine ya ujenzi, yaani seva inayoendesha majaribio yenyewe, ikituma SIGTERM, ishara ya kuiambia programu iondoke, Python kwa chaguo-msingi hufa bila kupitia finally wala atexit, kazi zilizosajiliwa kufanywa programu inapotoka. Hili huwashangaza hata waliozoea. Mstari mmoja mwanzoni hulitatua: signal.signal(signal.SIGTERM, lambda *a: sys.exit(1)). Hapo SIGTERM inageuka kuwa kutoka kwa kawaida na finally inapata nafasi yake. Kwa Java, unaposajili shutdown hook, yaani msimbo wa kuendeshwa programu inapozimwa, inayoita quit(), itaendeshwa kwa Ctrl+C na kwa SIGTERM. Ila SIGKILL, ile kill -9, haisubiri mtu. Hakuna msimbo ndani ya programu utakaoendeshwa baada yake. Kile kitufe chekundu cha kusimamisha kwenye programu ya kuandikia msimbo nacho, hasa ukiwa katikati ya kukagua msimbo hatua kwa hatua, mara nyingi huua bila kuaga. Mtu anayekagua jaribio asubuhi nzima kwa kubonyeza kitufe hicho atakuwa na vivinjari vingi adhuhuri, na hapo hakuna kosa kwenye msimbo wake. Aache jaribio liendelee hadi mwisho, au afunge mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya mashine ya ujenzi kuua kazi: muda. Katika kiwango cha WebDriver, muda wa kusubiri ukurasa upakie ni milisekunde 300,000 usipobadilisha, yaani dakika tano. Kama mashine yako ya ujenzi imepewa dakika kumi kwa kazi nzima, kurasa mbili tu zilizokwama zinamaliza muda wote, kazi inauawa, na quit() haijaitwa. Punguza muda huo hadi sekunde 30 au 60 kwa set_page_load_timeout ili jaribio lianguke lenyewe mapema na usafi upate wakati wa kufanyika. Sioni sababu ya mtu kuacha dakika tano kwa ukurasa wa kawaida. Mtumiaji wa kweli angekuwa ameshaondoka.

Sasa chaguo linaloitwa detach. Mwanafunzi wa Python anaandika mistari mitano ya kufungua tovuti, programu inafika mwisho, na Chrome inajifunga kabla hajaona kitu. Hilo hutokea kwa sababu kitu kinachoisimamia draiva kikiondolewa kwenye kumbukumbu, draiva husimamishwa, na Chrome huondoka nayo. Anatafuta msaada, anaambiwa aweke add_experimental_option("detach", True). Dirisha linabaki, anafurahi. Miezi inapita, mistari ile inanakiliwa kwenye mradi mkubwa pamoja na detach yake, na sasa kila jaribio lisilofika kwenye quit() linabakiza Chrome kwa makusudi, maana ndivyo ilivyoombwa. detach ikiwa false, Chrome hufungwa draiva inaposimamishwa kwa kawaida. Ikiwa true, Chrome husubiri sesheni imalizwe rasmi. Tafuta neno hilo kwenye mradi mzima na uliondoe. Anayetaka kutazama ukurasa wakati wa kujifunza aweke input() mwishoni, abonyeze Enter akimaliza, na quit() ifuate.

Inafanana na hali ya wanaojiunga na Chrome iliyokwisha kufunguliwa, kwa kutumia debuggerAddress. Hapo quit() haitaifunga Chrome hiyo, kwa kuwa draiva haikuianzisha. Si hitilafu. Aliyeianzisha aifunge.

Halafu kuna wanaopoteza draiva yenyewe. Kigezo kimoja kinachoitwa driver kinapewa Chrome ya kwanza. Mistari kumi chini, fanksheni nyingine inakipa Chrome ya pili. Ile ya kwanza haina tena jina ndani ya programu, na quit() itafunga ya pili tu. Katika Java hali hii huwa mbaya zaidi majaribio yanapoendeshwa sambamba huku driver ikiwa static, yaani moja ya wote: nyuzi nne (threads, kazi zinazokwenda kwa pamoja ndani ya programu) zinafungua Chrome nne, zote zinaandika juu ya kigezo kimoja, tatu zinapotea. Utajua kwa dalili zake, maana majaribio huanza kubofya kwenye madirisha ya wenzake. Tumia ThreadLocal, inayoupa kila uzi driver yake, na baada ya quit() uite remove(). Hakikisha pia anayeita quit() ni uzi ule ule uliofungua. Ukiweka kufunga ndani ya @AfterSuite, inayoitwa majaribio yote yakiisha, kwa kawaida itaendeshwa na uzi mmoja tu, nao utaona draiva yake peke yake, pengine hata null.

Kwenye kontena za Docker, yaani vifurushi vinavyoendesha programu ikiwa imetengwa na mashine nyingine, mambo hubadilika sura. Watu huendesha ps, amri ya kuorodhesha michakato, na kuona mistari yenye neno defunct, wanaanza kuipiga kill -9 na haiondoki. Hiyo ni michakato iliyokwisha kufa ambayo mzazi wake hajachukua taarifa ya kifo chake. Haitumii RAM, inashika namba tu kwenye orodha ya michakato, ingawa orodha hiyo nayo ina kikomo. Kwenye Linux ya kawaida, mchakato namba 1 huwapokea yatima hawa na kuwaondoa. Ndani ya kontena, mchakato namba 1 ni programu yako ya majaribio, ambayo haikuandikwa kwa kazi hiyo. Endesha kontena kwa docker run --init, au andika init: true kwenye faili la Compose, na Docker itaweka mchakato mdogo wa kusimamia usafi huo. Kama kontena inaanzishwa na hati ya shell, iite programu yako kwa exec, la sivyo docker stop itaitumia shell SIGTERM, shell haitaifikisha, na baada ya sekunde 10 kila kitu kitauawa kwa SIGKILL.

Tukiwa hapo hapo: usipobadilisha, Docker hutoa megabaiti 64 tu kwa /dev/shm, sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na michakato, na Chrome huitumia sana sehemu hiyo. Ikijaa, vichupo huanguka, draiva hupata majibu yasiyoeleweka, na majaribio hukatika ovyo. Weka --shm-size=2g, kama maelekezo ya picha za Selenium yanavyosema, au uipe Chrome --disable-dev-shm-usage itumie /tmp. Nimelitaja kwa sababu watu huona “Chrome imekufa” na “Chrome haifungi” siku moja kwenye mashine moja, na hawajui kwamba la kwanza ndilo linalozaa la pili.

Wenye Selenium Grid, mfumo unaogawa majaribio kwa vivinjari vya mashine nyingi, hulipa gharama kwa njia ya foleni. Kontena ya kivinjari ya Grid hupokea sesheni moja kwa wakati usipobadilisha, na sesheni isiyopata agizo lolote huondolewa baada ya sekunde 300. Maana yake, kila quit() iliyosahauliwa inaziba nafasi kwa dakika tano huku wengine wakisubiri. Unaweza kushusha SE_NODE_SESSION_TIMEOUT, lakini uwe mwangalifu: jaribio linalosubiri ripoti nzito kwa dakika mbili bila kutuma agizo litakatwa nalo. Sesheni iliyokwama unaiona kwenye ukurasa wa Grid, poti 4444, njia ya /ui, na unaweza kuiondoa hiyo moja tu kwa curl -X DELETE kwenye anwani ya /session/ ikifuatiwa na namba yake ya utambulisho.

Sasa kuhusu amri ya kuua usiku. Sisemi isitumike kamwe. SIGKILL na umeme kukatika vipo. Ninachopinga ni namna inavyoandikwa. taskkill /F /IM chrome.exe inaua hata Chrome anayosomea barua pepe mwenye kompyuta, na kwenye seva ya pamoja inaua majaribio ya timu nyingine yaliyo katikati, ambayo kesho yataripotiwa kuwa “yanaanguka bila sababu”. taskkill /F /IM chromedriver.exe bila /T inaua draiva na inaweza kuiacha Chrome yatima. Ukiweka /T watoto wanakwenda nao, lakini Chrome ambazo draiva yao ilikufa mapema hazimo kwenye ukoo huo tena, kwa hiyo hazifikiwi.

Kuna alama nzuri zaidi ya kuzitambua Chrome za majaribio. Chrome iliyofunguliwa na chromedriver hubeba --enable-automation na --test-type=webdriver kwenye mstari wake wa amri. Kwenye Windows, ongeza safu ya Command line katika ukurasa wa Details wa Task Manager na utaziona. Kwenye Linux, pkill -f -- --test-type=webdriver huzigusa hizo tu na kuiacha Chrome ya mtu. Hata hivyo bado itaua jaribio linaloendelea, basi iendeshwe wakati hakuna kazi, au kila kazi iwe ndani ya kontena yake ambayo hufutwa ikimaliza. Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi.

Na msidanganyike na michakato isiyo yenu. Edge ina kipengele cha Startup boost kinachoacha msedge.exe nyuma hata bila dirisha, na Chrome inaweza kuruhusiwa kuendelea nyuma baada ya kufungwa. Bila alama zile mbili, hiyo haikutoka kwenye majaribio.

Uuaji wa nguvu pia huacha uchafu kwenye diski. Kila sesheni ya Chrome hupewa folda ya muda ya wasifu. Kwenye Windows zimo ndani ya %TEMP% na majina yake huanza na scoped_dir. Za Firefox huanza na rust_mozprofile. quit() huzifuta, kill haizifuti. Mashine ya ujenzi ikianza kulalamika kwamba diski imejaa, tazama huko kabla ya kununua diski. Ukiwa unaelekeza wasifu maalumu kwa --user-data-dir, Chrome iliyobaki jana itaushikilia, na leo utajibiwa “session not created” na maelezo kwamba folda hiyo huenda inatumika. Wengi hubadilisha toleo la draiva wanapoona maneno ya mwanzo ya ujumbe huo bila kuusoma hadi mwisho.

Kuendesha bila dirisha kwa --headless=new hakutibu lolote kati ya haya. Kunaondoa tu kile ambacho jicho lingekiona, kwa hiyo wanaofanya hivyo ndio wanaohitaji kuhesabu. Hesabu yenyewe ni rahisi: kwenye Linux pgrep -c chromedriver kabla ya majaribio na baada yake, kwenye Windows tasklist /FI "IMAGENAME eq chromedriver.exe". Namba hizo mbili zikitofautiana, endesha majaribio nusu kwa nusu mpaka ulipate jaribio linalobakiza. Kisha liangushe kwa makusudi mara tatu: ndani ya maandalizi, katikati ya jaribio, na ndani ya usafi. Mahali ambapo namba itapanda ndipo penye kosa.

Wanaotumia Playwright au Puppeteer, zana nyingine za kuendesha vivinjari, wasidhani wamepona. Huko hakuna draiva ya pembeni, ila browser.close() isiyo ndani ya finally, au isiyo na await, hubakiza vivinjari vile vile. Angalia pia majina: browser.close() ya huko hufunga kivinjari kizima, wakati driver.close() ya Selenium hufunga dirisha moja. Anayehama kutoka Playwright kwenda Selenium hubeba mazoea hayo na kuangukia kosa la kwanza nililolitaja.

Kwa viongozi wa timu nina ombi moja. Mnapopitia msimbo wa majaribio kabla ya kuupokea, tafuteni kila mahali panapoandikwa webdriver.Chrome( au new ChromeDriver(. Panapaswa kuwa mahali pamoja tu katika mradi mzima, na quit() iwe imesajiliwa mstari unaofuata. Mkikuta pengine popote, rudisheni msimbo huo kwa mwenyewe.

Wenu,
Mjaribu programu,
Dar es Salaam